Kuandika mwongozo wa wachangiaji wa programu huria: tuanzie wapi?

Mtunzaji wa Sahare, Tanga (ameuliza)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Sisi ni watu watatu wa Tanga mjini, wawili wa Ngamiani na mimi wa Sahare, ambao kwa miaka miwili sasa tunaandika na kutunza programu ndogo ya kumbukumbu za samaki wanaoshushwa kwenye madiko. Karani huingiza aina ya samaki, uzito kwa kilo, aina ya chombo na zana iliyovulia, na mwisho wa mwezi programu humpa majumlisho ambayo zamani aliyafanya kwa kalamu kwenye daftari. Msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana kazi za programu, kwa leseni ya MIT, kwa sababu tangu mwanzo tulitaka wenzetu wa Pangani, Mkinga, Bagamoyo na popote penye diko waichukue, waitumie na kuirekebisha pasipo kuja kutuomba ruhusa.

Tatizo letu ni kwamba watu wanaanza safari ya kuchangia lakini hawafiki. Katika miezi sita iliyopita watu kumi na mmoja walituandikia kwamba wanataka kusaidia, na ni wawili tu ambao kazi yao imeingia kwenye programu. Wengine walikwama kwenye kuisimika katika kompyuta zao, wakauliza mara moja, tukachelewa kuwajibu, wakanyamaza. Mmoja alitumia majuma matatu kuandika ukurasa mzima wa kupanga zamu za vyombo, akauleta ukiwa umekamilika na umeandikwa vizuri, nasi tukalazimika kuukataa kwa kuwa tulikwisha kubaliana kwamba programu haitashughulika na zamu. Makubaliano hayo yalikuwa ndani ya kundi letu la WhatsApp, ambako yeye hayumo. Aliumia, na sina la kumlaumu. Tena kuna karani mmoja aliyetueleza kwamba samaki tunayemwandika kama tasi, kwao huitwa chafi, na orodha yetu haina jina hilo. Tulimwambia alete badiliko, lakini hatukumwambia badiliko huletwaje.

Faili letu la README, yaani la kuutambulisha mradi, lina aya mbili na sentensi moja inayosema, "Michango yote inakaribishwa." Nimeamua kuandika faili la CONTRIBUTING, yaani mwongozo wa wachangiaji, kama miradi mingine ifanyavyo. Nilianza kwa kusoma miongozo ya miradi mikubwa, ukiwemo wa Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, na nikawa nanakili sehemu zilizonipendeza. Nilipofika ukurasa wa nane niligundua kwamba naeleza kamati za uhakiki, ratiba za matoleo na ngazi za madaraka ambazo sisi watu watatu hatuna na pengine hatutakuwa nazo.

Naomba ushauri wenu katika mambo haya: mwongozo wa mradi mdogo uanze na nini, uwe na urefu gani, uandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na je, tunahitaji kumtaka mchangiaji asaini mkataba wowote kabla hatujapokea kazi yake?

Mwanaprogramu wa Bagamoyo

Ndugu yangu wa Sahare, ahsante kwa kueleza matatizo yenyewe badala ya kuomba kiolezo tu. Nimetunza mradi mdogo kama wenu kwa muda mrefu, na nimeandika mwongozo wake mara tatu. Ule wa kwanza haukumsaidia mtu yeyote, kwa hiyo nitakueleza nilichojifunza.

Kwanza, ifute ile sentensi. Si kweli kwamba michango yote inakaribishwa, na ushahidi ni yule aliyepoteza majuma matatu. Yeye aliisoma sentensi hiyo na kuiamini, kama alivyopaswa. Mahali pake andika mambo mnayoyahitaji sasa, kisha andika kwa uwazi uleule mambo ambayo hamtayapokea na sababu zake: "Programu hii haipangi zamu za vyombo, kwa kuwa kila diko lina utaratibu wake na hatuna uwezo wa kuitunza sehemu hiyo." Watu huona haya kuandika maneno kama hayo wakidhani yatawafukuza wageni, lakini mgeni anayeambiwa mapema mlango upi umefungwa ataelekea kwenye ule ulio wazi. Pia weka kanuni moja kwamba kazi yoyote itakayomchukua mtu zaidi ya siku moja ianze kwa kufungua hoja, yaani kuandika tatizo au pendekezo kwenye orodha ya wazi ya mradi, na kusubiri jibu kabla ya kuandika msimbo. Kanuni hiyo peke yake ingemwokoa mwenzetu yule.

Lakini kanuni hiyo inawafunga na ninyi pia. Ukimwambia mtu asubiri jibu, ni lazima umwambie atasubiri kwa muda gani. Miongozo mingi niliyoisoma imejaa amri kwa mchangiaji, afanye hivi, asifanye vile, na haina hata mstari mmoja unaosema watunzaji watafanya nini. Nionavyo mimi, mwongozo wa kuchangia ni ahadi ya pande mbili, na upande wa watunzaji ndio unaoandikwa kwanza. Semeni nani anasoma hoja, nani ana uamuzi wa mwisho, na mtajibu ndani ya siku ngapi. Msiandike siku mbili ili kupendeza. Andikeni siku mtakazoweza kuzitimiza hata katika mwezi wa Ramadhani, hata mmoja wenu akiwa safarini na mwingine anauguliwa. Sisi tuliandika siku kumi, na hakuna aliyelalamika kwamba ni nyingi. Waliolalamika ni wale wa zamani, ambao hawakuahidiwa chochote.

Kuhusu makubaliano yaliyomo WhatsApp, endeleeni kuzungumza huko mkipenda, ila kila mnapofikia uamuzi mmoja wenu auandike kwenye orodha ya hoja siku hiyohiyo, mistari mitatu inatosha. Mwongozo hauwezi kumwelekeza mgeni kwenye mahali asipoweza kuingia.

Sasa nije kwenye kusimika, kwa sababu hapo ndipo wengi walipokwama. Mwongozo wangu wa pili niliuandika nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta yangu, ambayo tayari ilikuwa na kila kitu, na niliuona mzuri sana. Kisha nikamwita kijana mmoja wa stashahada hapa Bagamoyo, nikampa kompyuta isiyo na chochote, nikamfungulia mwongozo, nami nikakaa pembeni na daftari, nikiwa nimejiapiza kutofungua mdomo. Kwa saa mbili alikwama mara tisa. Mwongozo ulisema afungue dirisha la amri, na hakujua liko wapi. Ulisema asimike Python, lugha tuliyoandikia programu, bila kutaja toleo, na toleo alilopata halikukubaliana na maktaba moja (msimbo ulioandikwa na wengine) tuliyoitumia. Ulimpa amri ya Linux ya kuwasha mazingira pepe (nafasi ya pekee ya kuwekea maktaba za mradi), yaani `source venv/bin/activate`, ilhali yeye alikuwa kwenye Windows, ambako amri ni `venv\Scripts\activate`. Mahali pa saba palinifundisha zaidi ya pote: programu ilidai nywila ya hifadhidata ambayo kwenye mashine yangu ilikuwa imehifadhiwa tangu miaka iliyopita, nami nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ipo. Mkono uliozoea kazi haukumbuki hatua zake, na kwa hiyo mtunzaji ni shahidi dhaifu wa namna programu yake inavyosimikwa. Tafuta mgeni, mkalishe, nyamaza, uandike.

Jambo jingine ambalo miongozo ya ughaibuni haina, nasi tunalihitaji, ni ukubwa wa vitu vinavyopakuliwa. Mchangiaji wetu mara nyingi anatumia bando la simu, na ukimwambia apakue hazina, yaani folda nzima ya mradi, yenye historia ya miaka, pamoja na maktaba zote, unaweza kulimaliza bando lake kabla hajaona ukurasa wa kwanza wa programu. Pima, kisha andika kando ya kila hatua ni megabaiti ngapi. Mpe pia amri ya `git clone --depth 1` ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo; amri hiyo huchukua hali ya sasa ya mafaili bila historia yote ya nyuma. Tangu toleo la 1.9 la mwaka 2014, Git inaruhusu mtu kutuma mabadiliko yake kutoka kwenye nakala fupi ya namna hiyo, kwa hiyo hapotezi kitu.

Kuhusu mahali pa kuliweka, faili la CONTRIBUTING.md linaweza kukaa kwenye mzizi wa hazina, ndani ya folda ya docs, au ndani ya folda ya .github. Tangu mwaka 2012 GitHub humwonyesha mtu kiungo cha faili hilo anapofungua hoja mpya au anapoleta ombi la kuunganisha badiliko lake, ndiyo maana jina lenyewe lisibadilishwe hata kama yaliyomo ni ya Kiswahili.

Na kuhusu Linux, uliacha kunakili kwa wakati mzuri. Mradi ule hupokea mabadiliko kwa barua pepe, yakipita kwa watunzaji wa sehemu mbalimbali hadi kumfikia Linus Torvalds, na Git yenyewe aliianzisha mwaka 2005 ili kuhudumia mwenendo huo wa kazi. Kila kanuni yao imezaliwa na taabu waliyoipata wao. Taabu zenu ni hao watu kumi na mmoja. Chukua jina la kila mmoja, andika alikwama wapi, na hapo utakuwa na vichwa vyote vya mwongozo wako. Kisichomkwamisha mtu hadi leo kisubiri.

Mwalimu wa Muheza

Nakubaliana na yaliyosemwa, nami nitajibu la lugha tu. Andikeni kwa Kiswahili. Programu ni ya makarani wa madiko ya pwani, na watakaoona makosa yake mapema kuliko wengine ni wao. Wasiwasi kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii umekwisha jibiwa zamani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini yenye kiolesura cha Kiswahili, na kazi hiyo isingewezekana bila kwanza kukubaliana juu ya istilahi.

Hata hivyo, angalieni jambo moja. Vitufe vya tovuti ya GitHub viko kwa Kiingereza. Mkiandika "bofya kitufe cha kuunganisha", msomaji atakitafuta kitufe chenye neno hilo na hatakiona. Nakilini maneno ya kitufe kama yalivyo kwenye skrini, kisha mweleze kwa Kiswahili kinafanya nini, na mahali pagumu wekeni picha ya skrini. Mwanzoni mwa mwongozo elezeni maneno manne au matano mtakayoyatumia, kama vile hazina, tawi, hoja na ombi la kuunganisha, na mkishachagua neno msilibadilishe njiani. Mwanafunzi akikuta "tawi" katika aya ya pili na neno jingine la kitu kilekile katika aya ya sita, atadhani ni vitu viwili.

Mwanaprogramu wa Bagamoyo

Mwalimu, naunga mkono, ila naomba kuongeza tahadhari. Atakuja siku moja mtu wa Msumbiji au wa India anayetunza kumbukumbu za samaki kama hizi, na Kiswahili hakijui. Ukurasa mfupi wa Kiingereza unafaa kuwepo, lakini usemwe wazi kwamba mwongozo wa Kiswahili ndio wenye mamlaka. Nimeshuhudia miongozo miwili ya lugha mbili ikiachana taratibu, mmoja ukisema toleo hili na mwingine toleo lile, mpaka hakuna aliyejua upi ufuatwe. Majina ya vigeu na ya shughuli ndani ya msimbo nayo yawekewe lugha moja. Nionavyo lugha yoyote kati ya hizo mbili inafaa, mradi zisichanganywe ndani ya faili moja.

Afisa Kumbukumbu, Chumbageni

Ndugu mwuliza swali, naomba nijibu la mkataba, kisha niongeze jambo ambalo hukuliuliza lakini linanitia hofu zaidi.

Mchangiaji anapoandika msimbo, haki ya kazi hiyo ni yake tangu anapouandika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Ndiyo maana leseni ni ya lazima, na ninyi mnayo. Masharti ya matumizi ya GitHub yanasema kwamba anayeleta mchango kwenye hazina yenye leseni anautoa kwa masharti ya leseni hiyohiyo, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Kwa mradi wa ukubwa wenu sioni haja ya mkataba wa kusaini, kwa kuwa karatasi ya kisheria humwogopesha mtu aliyekuja kusahihisha jina la samaki. Mkitaka uthibitisho zaidi, uko utaratibu uliotungwa mwaka 2004 kwa ajili ya Linux, ambapo mchangiaji huongeza mstari wenye jina lake mwishoni mwa maelezo ya badiliko, akithibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Amri ya `git commit -s` huuandika mstari huo yenyewe. Pamoja na hayo, andikeni sentensi moja juu ya picha: picha ya samaki iliyookotwa intaneti si ya aliyeiokota, na isipokelewe pasipo kujulikana ni ya nani na imetolewa kwa leseni gani.

Linalonitia hofu ni takwimu zenyewe. Umesema karani huingiza chombo. Chombo kina mwenyewe, na nijuavyo madaftari ya madiko, kando ya chombo huandikwa jina la nahodha na namba ya simu. Mchangiaji anayetaka kuwaonyesha hitilafu atapiga picha ya skrini ya siku ya kazi, au ataambatisha faili zima la mwezi, na vyote hivyo vitakuwa hadharani mbele ya dunia nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu mambo kama hayo, na kabla ya sheria kuna heshima ya wavuvi waliotuamini. Wala msidhani kwamba likishaingia linafutika. Git hutunza historia, kwa hiyo faili lililofutwa leo bado linaweza kusomwa katika hali ya jana, na kulitoa kabisa kunahitaji kuiandika upya historia ya hazina, huku nakala walizokwisha chukua watu wengine zikiwa nje ya uwezo wenu. Tengenezeni takwimu za mfano, zenye vyombo na watu wa kubuni, ziwe ndani ya hazina, na mwongozo useme kwa herufi nzito kwamba hizo ndizo zitumike katika kila hoja na kila jaribio. Na anayegundua upenyo wa kiusalama asiuandike kwenye hoja ya wazi, bali apewe njia ya kuwafikia faraghani.

Karani wa diko, Bagamoyo

Habari zenu kaka zangu, na Mwalimu shikamoo.

Mimi ndiye niliyeandika habari za chafi. Nimesoma yote yaliyoandikwa hapa na ningependa kueleza nilikofika, kwa kuwa kaka wa Sahare ameandika kama kwamba sikujaribu.

Sina kompyuta. Nilifungua hazina yenu kwa simu, nikatafuta mpaka nikaliona faili lenye orodha ya samaki, nikaona alama ya kalamu, nikaigusa. Ukurasa ukaniambia kwamba sina ruhusa ya kuandika kwenye hazina hiyo na kwamba itatengenezwa nakala kwa jina langu. Hapo nilisita, maana nilidhani nimefanya kosa na ninakaribia kuharibu kazi ya watu. Baadaye nikapiga moyo konde, nikaongeza neno chafi pembeni ya tasi, na ukurasa ukanitaka nieleze badiliko langu. Sikujua nieleze nini, wala kwa lugha gani, wala kama anayesoma ni mtu au ni mashine. Nikaufunga.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mimi sihitaji Python wala dirisha la amri, na nikikuta mwongozo unaanza na mambo hayo nitaamini kwamba haukuandikwa kwa ajili yangu. Wekeni mbele kabisa sehemu ya mtu mwenye simu na jambo moja la kusahihisha. Mwambieni kwamba nakala itakayotengenezwa ni ya kawaida na kwamba hawezi kuiharibu programu kwa kugusa. Mpeni mfano mmoja wa maelezo mazuri ya badiliko, neno kwa neno, ili auige.

Na kuhusu majina, msichague jina moja na kufuta mengine. Wapo wanaosema tasi, wapo wanaosema chafi, na kaskazini Mombasa wanasema tafi. Karani akilikosa jina analolijua, atamwandika samaki huyo kwenye "wengineo", na hesabu ya mwezi itapotea humo.

Mtunzaji wa Sahare, Tanga

Dada yangu, naomba radhi mbele ya wote. Ni kweli kwamba ulijaribu, na ni kweli kwamba sisi hatukukuonyesha njia. Wengine wote nawashukuru kwa muda wenu.

Nimetumia majuma mawili nikiandika upya, na naweka hapa yaliyotokea kwa ajili ya mwingine mwenye shida kama yangu. Mwongozo sasa unaanza na sehemu iitwayo "Una simu na jambo moja la kusahihisha", kama alivyoomba dada, na inasomeka hivi:

"Huhitaji kompyuta. Fungua faili la orodha ya samaki, gusa alama ya kalamu, andika sahihisho lako. Tovuti itatengeneza nakala yako ya hazina. Hilo ni jambo la kawaida, na huwezi kuharibu programu kwa kufanya hivyo, kwa sababu hakuna kinachoingia kabla mmoja wetu hajakisoma. Ukiombwa maelezo, andika kwa Kiswahili, umeongeza nini na jina hilo linatumika wapi. Mfano: Nimeongeza jina chafi kwa Siganus sutor, ndilo linalotumika kwenye diko letu Bagamoyo. Tutakujibu ndani ya siku kumi na nne. Siku hizo zikipita bila jibu, kosa ni letu, na tunaomba utukumbushe."

Tulibishana sana juu ya hizo siku kumi na nne. Wenzangu walitaka saba. Tulifungua kumbukumbu zetu, tukaona kwamba mara nyingi tulijibu baada ya siku kumi na zaidi, tukaandika kile tunachokiweza.

Suala la majina lilitulazimisha kubadilisha msimbo wenyewe, jambo ambalo sikulitarajia nilipouliza swali hili. Awali kila samaki alikuwa na jina moja, na jina hilo ndilo lililotumika kumtambulisha kila mahali. Sasa kitambulisho ni jina la kisayansi, na chini yake majina ya mahali yanaweza kuwa mengi kadiri watu watakavyoyaleta. Karani huchagua lile analolijua, na majumlisho yanakwenda mahali pamoja. Kibua amekuwa Rastrelliger kanagurta, na kila diko linaweza kumwita litakavyo.

Kisha tulifanya lile jaribio la kunyamaza. Jumamosi alikuja binti mmoja anayesoma hapa mjini, hajawahi kuiona programu yetu, tukamkalisha kwenye ofisi ndogo ya rafiki yetu Barabara ya 12. Alikwama mara tano. Nne zilikuwa za aina aliyoieleza ndugu wa Bagamoyo, nywila ikiwa mojawapo, na sasa mwongozo una faili la mfano la mipangilio ambalo mtu hulinakili na kujaza. Ya tano ilikuwa mpya kwetu. Alibadilisha mstari mmoja tu kwenye orodha, lakini Git ikaonyesha kwamba faili zima limebadilika. Ilituchukua muda kufahamu kwamba Windows na Linux hufunga mwisho wa mstari kwa alama tofauti, na programu ya kuhariri maandishi aliyoitumia ilikuwa imezigeuza zote. Tumeongeza faili la .gitattributes lenye mstari `* text=auto`, ambao huiagiza Git isawazishe alama hizo inapohifadhi. Nadhani angalau wachangiaji wawili wa zamani walikata tamaa kwa ajili ya hilo, maana tuliwarudishia kazi yao tukiwaambia wamegusa mistari mingi isiyowahusu.

Takwimu za mfano nazo ziko tayari, na vyombo vyake vyote ni vya kubuni. Tulipopitia hoja za nyuma tulikuta picha mbili za skrini zenye namba za simu za manahodha. Tumeziondoa, tumewaeleza wahusika, na onyo lipo juu ya fomu ya kufungua hoja. Sehemu ya leseni imekuwa sentensi tatu, bila mkataba.

Kwa yule wa zamu za vyombo, nimemwandikia mwenyewe. Amekubali kwamba kazi yake isimame kama programu ya pembeni inayosoma takwimu zetu, na mwongozo unamtaja chini ya kichwa cha mambo tusiyoyapokea, pamoja na kiungo cha kuifikia kazi yake kwa yeyote anayeihitaji.

Dada, ombi lako la kuunganisha limefika juzi usiku, na jina la chafi limeingia. Kilichobaki ni maelezo ya kusimika kwenye Windows, ambayo yamejaribiwa na mtu mmoja tu. Mwenye kompyuta ya Windows ambayo haijawahi kuwa na Python, ajaribu kuyafuata bila kumwuliza mtu, kisha aniandikie hapa ni hatua ya ngapi iliyomkwamisha na skrini ilionyesha maneno gani.